Namba Isemayo 24,800

Unapoijaribu pikipiki iliyotumika, tazama vitu viwili kwenye mita yake kwa wakati mmoja: mshale wa spidi na namba za kilometa. Mshale ukipanda hadi 40 huku namba zimeganda palepale kwa kilometa nzima, una swali la kumuuliza muuzaji.

Vyote viwili hupata habari kupitia waya mmoja unaotoka gurudumu la mbele. Iweje basi kimoja kife na kingine kiendelee? Ni kwa sababu ndani ya mita kazi hugawanyika. Upande wa spidi hutumia njia ambayo Mjerumani Otto Schulze aliipatia hataza mwaka 1902: sumaku huzunguka ndani ya kikombe cha aluminiamu bila kukigusa. Mzunguko huo huamsha mikondo ya umeme ndani ya kikombe, mikondo hukivuta kikombe kiifuate sumaku, na springi nyembamba hukirudisha nyuma. Pale nguvu hizo mbili zinapolingana ndipo mshale husimama. Ni ubunifu unaonifurahisha kila ninapoufikiria, maana hakuna jino linaloshika jino. Namba za kilometa ni meno matupu: gia husukuma gia hadi kwenye vigurudumu vyenye tarakimu. Meno yakilika, au yakichokonolewa na mtu, namba husimama na mshale ukaendelea kucheza. Waya ukichomolewa, vyote hulala, na pikipiki yaweza kutembea mwaka mzima bila kuhesabiwa hata mita moja.

Lakini namba yaweza kukupoteza hata pale ambapo hakuna aliyeigusa. Chukua bodaboda wa Dar es Salaam anayekimbia kilometa 100 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Kwa mwaka ni kilometa 31,200. Kwa miaka mitatu, 93,600. Mita yenye tarakimu tano ikifika 99,999 hurudi kwenye sifuri. Mwisho wa mwaka wa nne injini imetembea 124,800, na mita inasoma 24,800. Kijana aliyekuwa akipeleka hesabu kwa tajiri kila wiki mpaka mkataba ukaisha na pikipiki ikawa yake, sasa anaiuza, na namba anayokuonyesha ni ya kweli kabisa kwa macho. Kwa hiyo mimi huanza na kadi. Tazama tarehe ya usajili, uliza ilikuwa ikifanya kazi gani, kisha piga hesabu yako mwenyewe kabla hujainama kuisoma mita.

Halafu linganisha hesabu hiyo na vyuma. Tairi lina tarakimu nne ubavuni: 2321 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2021. Pikipiki iliyosajiliwa 2019, inayodaiwa kuwa na kilometa 6,000, ikiwa na tairi la 2021, tayari imebadilishwa tairi angalau mara moja. Cheni nayo hupimika kwa rula. Kwenye cheni ya 428, umbali wa pini hadi pini ni milimita 12.7, kwa hiyo pingili 20 zikiwa mpya ni milimita 254; zikifika 259, cheni imekwisha. Chuma chenyewe hakijarefuka. Ni pini na vikombe vyake vilivyolika, kila pingili ikachangia kidogo. Ila cheni ni rahisi kubadilisha, na muuzaji mjanja hubadilisha.

Ushahidi ninaouamini zaidi uko kwenye usukani, maana ni wachache wanaokumbuka kuufungua. Weka pikipiki kwenye stendi kubwa, inua gurudumu la mbele, kisha zungusha usukani polepole kwa vidole viwili. Ukihisi unanasa kidogo hasa pale gurudumu linapoelekea mbele, jua gololi zimechimba vishimo kwenye njia yake. Pikipiki hutumia karibu maisha yake yote ikielekea mbele, na kila korongo hugonga gololi zilezile mahali palepale. Vishimo hivyo havitoki kwa kupaka grisi.

Injini huzungumza kwa moshi. Ukiwa wa bluu, oili inaungua. Bluu inayotoka mara tu baada ya kuwasha kisha ikakata huelekea kuwa ni sili za valvu, na gharama yake inavumilika. Bluu inayoongezeka kila ukivuta mafuta huashiria ringi za pistoni au silinda iliyolika, na hapo bei lazima ishuke sana, au uondoke. Injini yenye moto huficha mengi, hasa uzito wa kuwaka na mlio wa cheni ya taimingi kabla oili haijapanda. Omba kufika alfajiri, na kabla ya lolote weka kiganja kwenye bloku. Ikiwa na vuguvugu, mtu amekutangulia kuiwasha. Iache ipoe, hata ikibidi unywe chai vikombe viwili kwa mama lishe wa jirani, ndipo upige kiki.