Éric Tabarly, baharia aliyekataa mashua ya baba yake ioze

Wafaransa wengi wanamkumbuka Éric Tabarly kwa mashindano aliyoshinda. Mwaka wa 1964, akiwa ofisa wa jeshi la majini, alivuka bahari ya Atlantiki peke yake kwa matanga, kutoka Plymouth nchini Uingereza hadi Newport nchini Marekani, kwa siku 27. Alimshinda Mwingereza Francis Chichester, mshindi wa mwaka wa 1960, na Rais Charles de Gaulle akampa nishani ya taifa. Mwaka wa 1976 alishinda tena mashindano hayo. Lakini mashua iliyomshughulisha tangu utoto hadi kifo haimo kati ya hizo za ushindi. Ilikuwa mashua kuukuu ya baba yake.

Jina lake ni Pen Duick. Ilichorwa na fundi maarufu wa Scotland, William Fife, ikajengwa nchini Ireland mwaka wa 1898. Ina urefu wa mita 15 hivi, ni nyembamba, na mlingoti wake hubeba matanga mengi kuliko mtu anavyotazamia kwa mashua ya ukubwa huo. Guy Tabarly, baba yake Éric, aliinunua mwaka wa 1938, wakati mtoto wake alikuwa na umri wa karibu miaka saba. Pen Duick ni jina la ndege mdogo mwenye kichwa cheusi katika Kibretoni, lugha ya wenyeji wa Bretagne, magharibi mwa Ufaransa.

Halafu vita vikuu vya pili vikaingia. Mashua ilibaki kwenye matope ya Bénodet, mahali ambapo mto Odet unaingia baharini. Miaka ilipita, mvua na jua vikafanya kazi yao. Vita vilipokwisha, familia haikuwa na pesa za kuitengeneza, na baba akafikiria kuiuza. Kijana hakukubali. Mwaka wa 1952, baba alimwachia mashua hiyo, na mzigo wa kuitunza ukawa wake.

Ulikuwa mzigo kweli. Tabarly aliingia jeshi la majini, akawa rubani wa ndege na kutumwa Indochina. Huko aliweka akiba ya mshahara wake akiifikiria mashua. Aliporudi, mafundi walimpa habari mbaya: mbao zilikuwa zimeoza kupita kiasi. Kubadilisha ubao mmoja mmoja kungegharimu pesa ambazo mwanajeshi kijana hangezipata.

Hapo ndipo alipochukua uamuzi ulioiokoa Pen Duick. Mwaka wa 1958, katika karakana ya familia ya Costantini huko La Trinité-sur-Mer, mashua ilipinduliwa, tumbo likatazama juu. Tabarly na wenzake wakaufunika mwili huo wa zamani kwa vitambaa vya nyuzi za kioo vilivyolowekwa gundi ya poliesta, tabaka juu ya tabaka. Gundi ilipokauka na kuwa ngumu, mbao zilizooza zikatolewa ndani. Ni kama mafundi wa ujenzi wanavyotoa mbao baada ya beto kushika. Umbo alilolichora Fife likabaki, ila sasa katika kitu ambacho hakiozi. Wakati huo poliesta ilikuwa bado mpya katika ujenzi wa mashua kubwa. Mwaka wa 1959 Pen Duick ikarudi majini.

Je, mashua ambayo mwili wake wote umebadilishwa bado ni ileile? Wapenzi wa vyombo vya zamani hubishana sana juu ya jambo hilo. Wako wanaosema bila mbao za kwanza hakuna mashua ya kwanza. Tabarly alijibu kwa mikono yake. Kwake, mashua iliyobaki matopeni na mbao zake zote ilikuwa inakufa, na ile inayosafiri ilikuwa hai.

Baadaye alijenga nyingine tano, akazipa zote jina lilelile na namba, kuanzia Pen Duick II hadi Pen Duick VI. Hizo zilitengenezwa kwa ajili ya kasi, na aliweza kuachana nazo. Ile ya nne aliiuza kwa Alain Colas, ambaye alipotea nayo baharini mwaka wa 1978. Ile ya kwanza hakuiuza kamwe. Katika miaka ya 1980 aliifanyia matengenezo makubwa tena, safari hii huko Saint-Malo, na ikarudi majini mwaka wa 1989. Yeye mwenyewe aliishi Gouesnac'h, kando ya mto Odet, karibu na matope yale ambayo mashua ilizama ndani yake alipokuwa mtoto.

Mwaka wa 1998 mashua ilitimiza miaka 100. Baada ya sherehe huko Bénodet, Tabarly alianza safari kuelekea Scotland, kwenye mkutano wa mashua zilizochorwa na Fife. Alikuwa na wenzake wanne. Usiku wa kuamkia tarehe 13 mwezi wa sita, karibu na pwani ya Wales, upepo ulikuwa mkali na walikuwa wakibadilisha tanga. Boriti inayoshikilia tanga kwa juu ikampiga, akaanguka majini. Hakuwa amejifunga kamba ya usalama. Pembeni mwa mashua hapakuwa na kamba za kumzuia mtu asianguke, kwa kuwa alipenda ibaki jinsi ilivyokuwa zamani. Wenzake walimtafuta gizani bila kumwona. Alikuwa na umri wa miaka 66. Mwili wake uliopolewa na wavuvi zaidi ya mwezi mmoja baadaye.

Pen Duick yenyewe ilifika bandarini salama. Familia yake haikuifunga wala kuitupa. Leo, zaidi ya miaka 120 tangu ijengwe, bado inapandisha matanga kwenye pwani ya Bretagne. Huko Lorient, jumba la makumbusho ya matanga lililofunguliwa mwaka wa 2008 lina jina la Tabarly.