Damu Isiyoganda Ifundishwe Ipasavyo

Mwishoni mwa mwaka 2006, mvua kubwa zilileta mafuriko kaskazini mashariki mwa Kenya. Homa ya Bonde la Ufa ikazuka Garissa, kisha ikaenea hadi Tana River. Kufikia Machi 2007, zaidi ya watu 150 walikuwa wamefariki nchini. Baadhi ya wagonjwa mahututi walitokwa na damu puani na kwenye fizi. Mfugaji au mkulima wa Garsen hahitaji kuambiwa kuwa damu isiyoganda ni mauti. Je, mwanafunzi wa huko ameelezwa sababu yake?

Yafaa ieleweke kwamba kinga ya kwanza dhidi ya kuvuja damu ni chembe sahani. Mtu mwenye afya huwa nazo baina ya 150,000 na 450,000 katika kila milimita moja ya ujazo ya damu. Huishi siku 7 hadi 10 tu. Kwa hiyo mwili hauna budi kuzalisha mpya kila siku. Mwaka 1906, James Homer Wright wa Boston alionyesha kuwa chembe hizo ni vipande vinavyomeguka kutoka kwa seli kubwa za uboho, ziitwazo megakariosaiti.

Ni nani basi anayeiamrisha seli ya uboho ikue hivyo? Ni protini zinazojishika kwenye DNA na kuamua jeni ipi isomwe na ipi inyamaze. Miongoni mwazo ni RUNX1, GATA-1, FLI1 na NF-E2. Mwaka 1995 watafiti walichunguza panya waliokosa NF-E2. Megakariosaiti zilikuwapo, lakini hazikutoa chembe sahani, na wengi wa panya hao walikufa kwa kuvuja damu. GATA-1 ikikosekana, seli hizo huongezeka pasipo kukomaa. Mkulima wa mpunga wa delta ya Tana analijua jambo hili: shamba lililojaa majani si mavuno.

Hapa ndipo penye uzito. Upungufu wa chembe sahani una njia zaidi ya moja. Katika malaria, ambayo ni ugonjwa wa kawaida pwani, aghalabu chembe huharibiwa au hutumika upesi kuliko kawaida; mgonjwa akitibiwa, hurejea baada ya siku chache. Lakini mtoto wa kiume aliyerithi kasoro ya GATA-1 kutoka kwa mamaye ana hitilafu katika kiwanda chenyewe, na dawa ya malaria haitamfaa. Hesabu katika karatasi ya maabara yaweza kuwa ile ile, hali maradhi ni mbalimbali.

Wapo watakaodai kuwa hayo ni ya chuo kikuu. Hoja hiyo ni dhaifu. Mwanafunzi aliyekariri kuwa "chembe sahani hugandisha damu" atajibu mtihani. Aliyeelewa zinakotoka na zinavyopotea atajua pia kwamba mwenye homa na kuvuja damu hapewi aspirini, kwani hudhoofisha kazi ya chembe hizo, bali hupelekwa hospitali bila kukawia.

Walimu wa Garsen na kwingineko, lianzeni somo la damu kwa homa ambazo wanafunzi wenu wanazijua. Kutoka hapo, njia ya kuifikia jeni si ndefu.