Sakafu ya Land Rover Kuukuu: Kata Mpaka Ufike Chuma Kizima

Wenye magari ya zamani mkoani Singida hupenda kusema kwamba kutu ni ugonjwa wa Tanga na Dar es Salaam, kwenye upepo wa bahari. Wana sababu. Mvua huku huanza mwishoni mwa mwaka na kukoma Aprili hivi, na miezi inayobaki chuma hukaa kikavu. Lakini inua mkeka wa mpira miguuni pa dereva kwenye Land Rover 109 ya miaka ya 1970 iliyozoea njia za Iramba na Manyoni, kisha kandamiza bisibisi pembeni mwa pedali ya klachi. Usishangae ikitokeza upande wa pili.

Wengi hudhani Land Rover haishiki kutu kwa kuwa bodi yake ni alumini. Ni kweli kwamba gari hili lilipozinduliwa mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, ndiyo maana paneli za nje zilitengenezwa kwa aloi ya alumini. Chesisi, hata hivyo, ni chuma. Ukuta unaotenganisha injini na abiria nao ni chuma, pamoja na sehemu mbili za kuwekea miguu zilizoungwa nao. Hizo ndizo huoza kwanza.

Kwetu anayeanza kuharibu ni jua. Mipira ya vile vifuniko vya hewa vilivyo chini ya kioo cha mbele hukauka na kupasuka. Mvua ikinyesha, maji hupenya, huteremka kwa ndani na kutuama chini ya mkeka. Upande wa chini magurudumu yanarusha tope, na tope la mbuga ya Wembere, ukishashuka Sekenke kuelekea Igunga, ni zito na linanata. Likijibana kati ya chesisi na sakafu, hubaki na unyevu muda mrefu baada ya barabara kukauka. Chumvi huongeza kasi, kwa sababu kutu huendeshwa na mkondo mdogo wa umeme unaopita kwenye unyevu, na maji ya chumvi huupitisha vizuri zaidi. Kwa hiyo gari kama hili lisioshwe kwa maji ya ziwa Singidani wala Kindai, ambayo yana chumvi. Mahali alumini inapogusana na chuma, chumvi hiyohiyo huila alumini mpaka igeuke unga mweupe.

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Ndani ya mshono wa mabati mawili huvimba na kuyasukuma yaachane, na maji yakapata njia mpya. Ndiyo maana kiraka kinachochomelewa juu ya kutu hakifai: unakuwa umetengeneza mfuko mwingine wa kutunzia unyevu. Kujaza tundu kwa puti ni vibaya zaidi. Puti hunyonya maji, na ikishapakwa rangi hakuna atakayeona kinachoendelea chini yake.

Kazi ianze kwa kung'oa viti na mikeka, kufungua betri, na kushusha tangi. Kwenye Land Rover nyingi za Series tangi la petroli liko chini ya kiti cha mbele, sentimita chache tu kutoka unapotaka kuchomelea. Hapa sina mjadala: tangi na mipira yake vitoke nje ya karakana kabla grenda haijawashwa.

Kisha gonga sakafu yote kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu. Chora mstari kwa chaki pale sauti inapobadilika, halafu ongeza sentimita mbili au tatu kuelekea chuma kizima, na ukate hapo. Fundi mwenye huruma na bati hukata kidogo, naye ndiye atakayerudishiwa gari.

Chukua kipimo kwa katoni kabla ya kugusa bati jipya. Geji 18, yaani kama milimita 1.2, inatosha. Bati la kuezekea la geji 28 au 30 ni jembamba mno kubeba mguu wa dereva anayekanyaga breki. Bati la pipa la lita 200 hutumiwa sana gereji, nalo ni chuma kizuri, ila pipa lililobeba petroli au kemikali lisikatwe kwa gesi wala grenda. Mvuke uliobaki ndani hulipuka. Kama bati lina zinki, isugue itoke sehemu ya kuunga, kwa sababu moshi wake huleta homa.

Fimbo ya kuchomelea ya milimita 2.5 hutoboa bati hili kwa urahisi. Mashine ya waya na gesi ni bora zaidi. Piga nukta moja huku, nyingine upande wa pili, uache pa kwanza papoe, la sivyo bati litapinda. Pande zinazolaliana zipakwe praima ya zinki kwanza, kwa sababu baadaye brashi haitafika.

Land Rover inavumilia ukataji huu kwa kuwa chesisi inabeba uzito. Peugeot 504, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, haina chesisi ya namna hiyo; sakafu yake ni sehemu ya mifupa ya gari. Kabla ya kuikata, chomelea mabomba ya mraba kwenye nafasi za milango, na ushughulikie upande mmoja kwa wakati. Mlango ukianza kukwama, simamisha kazi upime upya. Volkswagen ya mgongo wa kobe nayo iangaliwe chini ya kiti cha nyuma, ambako tindikali ya betri huila sakafu kimyakimya.

Ukimaliza, ziba mishono, paka rangi juu na chini, na usizibe matundu ya kutolea maji. Badilisha mipira ya vifuniko vya hewa, kisha mwagia kioo cha mbele maji kwa mpira huku mtu amekaa ndani na tochi. Mkeka usirudi mpaka sakafu ibaki kavu.