Wosia kwa Simu: Mteja wa Wakili ni Nani?

Katika vijiji vya Malava, magharibi mwa Kenya, iwe Butali, Chemuche au Manda-Shivanga, mali kubwa ya mzee aghalabu ni shamba, na shamba lenyewe ni la miwa. Watoto wenye uwezo wa kumlipa wakili mara nyingi hawako nyumbani: huyu yuko Nairobi, yule yuko Qatar. Ndiyo maana siku hizi maagizo ya wosia humfikia wakili mjini Kakamega kwa WhatsApp, ada ikaja kwa M-Pesa, na hatimiliki ikapigwa picha na mjukuu. Mawakili wakijadili maadili na teknolojia, hofu yao ya kwanza huwa wadukuzi. Si hofu ya bure, maana Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa mtunza taarifa saa 72 tu kumjulisha Kamishna wa Data taarifa zinapovuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wahusika. Hata hivyo, hatari kubwa zaidi kwa wosia haihitaji kudukua chochote. Ni mtoto mwenye simu, ambaye kidogo kidogo anashika nafasi ya mzazi mwenye mali, hadi wakili anajikuta anamtumikia mlipaji.

Sheria ya Urithi, inayotumika tangu Julai 1981, ilitungwa kabla ya simu hizi kuwapo, lakini mtu wa namna hiyo ilimjua vizuri. Kifungu cha 7 kinabatilisha wosia uliopatikana kwa hila, kwa shuruti, au kwa kumsumbua mtu hadi akose hiari. Kifungu cha 11 kinataka mwenye wosia atie sahihi au alama yake, na mashahidi wawili au zaidi wamwone akifanya hivyo, au wasikie kwake mwenyewe kwamba sahihi ni yake, kisha nao watie sahihi mbele yake. Shahidi aliyeachiwa kitu katika wosia huo hukipoteza, isipokuwa wawepo mashahidi wengine wawili wasio na maslahi. Nayo Sheria ya Habari na Mawasiliano, iliyozipa nguvu sahihi za kielektroniki katika mambo mengi, imeuweka wosia kando. Watu huuona huu kuwa ukaidi wa makaratasi. Mimi nauona kuwa ukuta wa mwisho kati ya mzee na mrithi mwenye haraka.

Tazama simu ya video inavyokwenda. Wakili anauona uso wa mzee, ila haoni aliyesimama nyuma ya kamera. Anauliza, “Mzee, una watoto wangapi, na mama zao ni akina nani?” Mzee anajibu kwa Kikabras, lugha ya nyumbani, naye mwana aliyeishika simu anatafsiri. Jibu refu la mzee linarudi kwa maneno matatu. Mkalimani ndiye mlipaji, na ndiye anayelitaka shamba. Hapo siri ya mteja, ambayo kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi kinamkataza wakili kuitoa bila idhini ya wazi ya mteja, imekwisha kutoka kabla ya kuingia. Tena ujumbe wa wakili unatua kwenye simu ya mwana, si ya baba, na binti aliyeolewa Lugari hatajua kama jina lake liliwahi kutajwa. Wakili mwadilifu basi huuliza kwanza simu ni ya nani, huomba kuzungumza na mzee peke yake kwa mkalimani asiye na fungu, na humwambia mwana waziwazi kwamba kulipa ada hakumfanyi kuwa mteja.

Watasema wengine kwamba hayo ni maadili ya matajiri: mzee ni mgonjwa, safari ni ghali, na wosia wa video ni afadhali kuliko kufa bila wosia. Hoja hii ina uzito, ila inaisahau nafasi ambayo sheria yenyewe imeiacha. Mashahidi wawili si lazima wawepo pamoja kwa wakati mmoja. Aliyezidiwa anaweza kutamka wosia mbele ya mashahidi wawili, nao utasimama akifariki ndani ya miezi mitatu. Hapa simu inafaa kweli: rekodi ya sauti inaweza kusaidia kuonyesha mzee alisema nini, ingawa haiwezi kuwa shahidi. Mashahidi wakipingana, kifungu cha 10 kinakubali tu yale yaliyothibitishwa na shahidi huru anayestahili.

Wengine watataja Queensland, Australia, ambako mwaka 2017 mahakama ilikubali kuwa wosia ujumbe ambao marehemu aliuandika kwenye simu yake bila kuutuma. Ni kweli, lakini sheria ya kule inampa jaji uwezo wa kusamehe kasoro za utaratibu. Ya kwetu haijampa hakimu uwezo mpana wa namna hiyo. England na Wales nazo ziliruhusu kushuhudia kwa video wakati wa korona, na ruhusa hiyo ikafika kikomo Januari 2024.

Kuhusu programu za akili bandia zinazoandika wosia kwa dakika moja, sina mengi. Huandika “mke wangu” pale penye nyumba mbili, na zisipoulizwa hazikumbuki kwamba kifungu cha 26 kinamruhusu mtegemezi aliyeachwa kwenda mahakamani kudai fungu. Wakili anayezilisha jina la mzee na namba ya shamba amempa mgeni siri ya mteja.

Miongoni mwa Waluhya, siku ya kunyoa nywele baada ya mazishi, madeni na mali ya marehemu huzungumzwa mbele ya ukoo. Wosia uliopikwa kwenye simu ya mtoto mmoja utahojiwa hapo kabla haujafika mahakama ya Butali. Kwa hiyo, ewe uliye mbali na unayetaka baba aandike wosia: tuma nauli ya wakili, kisha uache simu izimwe wakati wanazungumza.