Harufu ya kinywa: bonboni haiponyeshe

Asubuhi, mu taxi-bus yenye kutoka Katuba kwenda mu ville, watu wanabanana wane kwa kiti cha watatu. Mumoja anafungua kinywa ili asalimie, na jirani yake anageuza uso, anaangalia ku dirisha. Hakuna mutu anasema kitu. Na ule mwenyewe hajue, juu pua inazoea harufu ya mwenye kuwa nayo. Anaweza kupitisha miaka bila kujua sababu gani bibi yake analala akigeukia ukuta.

Wengine wanajua na wanaficha. Mu mufuko hakukosekane bonboni ya menti. Lakini bonboni inafunika harufu dakika kidogo tu, na kama iko na sukari, inaharibu meno zaidi. Ni sawa kumwanga parfum juu ya takataka bila kuitupa.

Inatoka wapi?

Wengi wanasema inatoka mu tumbo. Wengine wanafika mbali, wanasema mutu amelogwa. Mara mingi inatoka mu kinywa chenyewe. Tududu twa kidogo-kidogo tunakula mabaki ya chakula na kutoa gazi yenye kunuka kama yai ya kuoza. Tunajificha nyuma ya ulimi, katikati ya meno na chini ya fizi.

Mate njo maji yenye kusafisha kinywa. Usiku inapunguka, njo maana kila mutu anaamuka na harufu kidogo. Mama mwenye kushinda ku soko bila kunywa maji, ao mutu mwenye kufunga ili aombe, kinywa chao kinakauka vilevile. Tumbako na lutuku navyo vinakausha.

Kufanya nini kila siku?

Piga burosi mara mbili kwa siku, dakika mbili kila mara, na dawa ya meno yenye fluor. Ile ya mangaribi njo ya lazima zaidi. Kisha hapo, usikule tena kitu.

Usisahau ulimi. Wengi wanasafisha meno muzuri na kuacha ulimi na ile uchafu yake nyeupe. Upitishe burosi polepole, kutoka nyuma kuja mbele. Kijiko safi pia kinaweza kusaidia.

Toa mabaki ya nyama na uzi wa meno, hapana na sindano. Kisha kula makayabu, sombe ao kitunguu, sukutua na maji safi, na ukunywe maji muchana yote.

Kila mutu akuwe na burosi yake, hata watoto. Ibadilishwe kisha miezi 3, ao mbele ya hapo kama nywele zake zimelala. Mwenye meno ya kubandika ayatoe usiku na kuyasafisha.

Na mwenye hana franka za burosi? Kijiti cha wazee wetu, chenye kutafunwa mpaka ncha ikuwe laini, kinasafisha. Lakini muchanga na majivu, hapana: vinakwaruza meno.

Wakati wa kuona munganga

Kama unafanya hivi vyote wiki mbili na harufu inabakia, ao kama fizi zinatoa damu, ao jino liko na tundu, enda kwa munganga wa meno. Watu wanaogopa, wanasema kule wanangoa tu. Ukweli ni kwamba wengi wanangolewa meno juu walichelewa. Tundu ya kidogo inaweza kuzibwa, na fizi zinaweza kutunzwa. Pengine harufu inatoka ku koo, ku pua, ao inaonyesha ugonjwa wa sukari, na munganga njo atajua.

Je, weye uko namna gani? Lamba mukono wako kwa ndani, ungojee kidogo mpaka ukauke, kisha unuse. Lakini jibu ya kweli iko kwa mutu mwenye anakupenda: muulize.

Na kama njo weye unasikia harufu ya bwana yako, ya dada yako ao ya rafiki, usicheke mbele ya watu. Umuite pembeni, umuambie kwa upole. Pengine atasikia haya siku moja, lakini atapona ile ya miaka mingi.