Kasongo na Kabambare: Mwanafunzi mchezaji atayarishwe mapema kwa maisha baada ya mpira

Kusini mwa jimbo la Maniema, kijana anayejua mpira hujulikana haraka. Lakini goti likiumia, au miaka ikipita, ataishi kwa kazi gani? Swali hilo linawahusu wazazi, walimu na makocha wa Kasongo na Kabambare, kwa sababu njia ya kufika juu ni nyembamba.

Klabu kubwa ya jimbo, AS Maniema Union, iko Kindu, zaidi ya kilomita 200 kutoka Kasongo. Katika msimu wa 2024-2025 ilifika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na vijana wengi walipata moyo. Hata hivyo, klabu moja haiwezi kuchukua wachezaji wote wa wilaya saba za Maniema. Hata Marekani, wenye viwanja na pesa, shirika la michezo ya vyuo NCAA linasema kwamba wanafunzi wachezaji wasiofikia hata wawili kati ya 100 ndio wanaopata kuishi kwa mchezo.

Wilayani Kabambare, aliyeacha masomo kwa ajili ya mpira ana mlango mmoja karibu: machimbo ya dhahabu upande wa Salamabila. Kampuni ya Banro ilisimamisha kazi katika mgodi wa Namoya mwaka 2019 kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Kuchimba kwa mikono ni kazi ya hatari, na hakumpi kijana diploma.

Kongo ina mfano mwema. Dikembe Mutombo alikwenda Chuo Kikuu cha Georgetown mwaka 1987 kwa msaada wa masomo, akitaka kuwa daktari. Aligundulika kuwa mchezaji wa basketi, lakini hakuacha darasa: mwaka 1991 alimaliza masomo ya lugha na diplomasia. Alicheza NBA misimu 18, na mwaka 2007, kabla hata hajastaafu, hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake ilifunguliwa. Naye kipa Robert Kidiaba, baada ya kuacha kudaka, alichaguliwa mbunge wa jimbo la Haut-Katanga.

Si kila mmoja atakuwa Mutombo, lakini matayarisho hayahitaji mamilioni. Kocha anaweza kuuliza matokeo ya mitihani kabla ya kupanga timu. Chuo kinaweza kuepuka kuweka mechi siku za mitihani. Mchezaji naye anaweza kujifunza ufundi wakati wa likizo, iwe ushonaji, umeme au useremala, na kuweka akiba ndogo kutoka kila zawadi anayopewa. Wapo pia wanaoweza kubaki michezoni kama waamuzi, makocha au walimu wa mazoezi ya mwili.

Nidhamu, kuvumilia kushindwa na kufanya kazi na wenzake, mchezaji anavyo tayari. Kinachobaki ni diploma au ufundi, na huo utafutwe wakati miguu ingali na nguvu.