Kiti cha Mtoto Garini: Soma Kilo Kwanza

Jirani zetu wawili wa Vingunguti, mume na mke, walikuwa wakirudi nyumbani kutoka Pugu kwa gari dogo. Mtoto wao wa miezi 11 alipakatwa na mama kiti cha mbele. Lori la ng'ombe waliokuwa wakipelekwa machinjioni likasimama ghafla mbele yao. Baba akakanyaga breki. Gari halikugonga kitu, lakini mtoto aliponyoka akapiga paji la uso kwenye dashibodi.

Mama alilia, "Jamani, nilimshika kwa nguvu zangu zote!"

Ni kweli alimshika. Lakini mikono haiwezi kazi hiyo. Gari likienda kilomita 50 kwa saa kisha likagonga, asiyefungwa mkanda hupata pigo kama la mtu aliyeanguka kutoka juu ya mnazi wa mita 10. Mtoto wa kilo 10 huvuta mikono kama mzigo wa kilo 200, yaani magunia mawili ya mahindi. Nani atayashika? Na mama akijifunga mkanda mmoja na mtoto ni hatari pia, maana mwili wake humkandamiza mtoto.

Ndiyo maana kuna viti vya watoto. Kipo cha kugeuza: mtoto akiwa mdogo kinafungwa akitazama nyuma ya gari, akikua kinageuzwa atazame mbele. Je, kwa nini aanze kutazama nyuma? Kichwa cha mtoto ni kizito na shingo yake bado ni laini. Akitazama mbele, gari likigonga, mkanda hushika mwili lakini kichwa hurushwa. Akitazama nyuma, mgongo, shingo na kichwa huegemea kiti kwa pamoja. Wataalamu wa Sweden walianza kutengeneza viti hivi miaka ya 1960, na huko watoto wengi hutazama nyuma mpaka karibu miaka minne. Miguu ikikunjika si hoja.

Viti vingi vinavyouzwa mjini ni mitumba. Muuzaji atakwambia, "Chukua hiki mama, kinafaa mpaka aanze shule." Mjibu, "Ngoja kaka, nisome kwanza." Viti vya Ulaya vina karatasi ya rangi ya chungwa iliyobandikwa, yenye herufi E ndani ya duara. Hapo utaona kilo. Toa kadi ya kliniki ya mtoto, ulinganishe. Usichague kwa umri. Ukiona viwili, chukua kile kinachoruhusu kilo nyingi zaidi mtoto akitazama nyuma. Kama karatasi inataja kilo, namba ya kibali ianze na 03 au 04. Ikianza na 01 au 02 ni cha zamani mno. Vya kisasa zaidi hutaja urefu kwa sentimita.

Kiti kilichopata ajali hakifai, hata kama kinang'aa. Angalia nyufa, mikanda iliyochanika na kifungio kilicholegea. Kuazima kwa jirani unayemwamini ni bora kuliko kununua usichojua kilikotoka.

Kifunge kwenye siti ya nyuma. Vifungio vya mikanda huko mara nyingi vimezama kwenye siti. Vitafute hata dereva akinuna. Kishike pale mkanda unapopita, ukitikise: kisicheze zaidi ya sentimita 2 na nusu. Mtoto anayetazama nyuma asiwekwe kamwe mbele penye mfuko wa hewa, ule madereva wanaouita eabegi. Ukifyatuka unaweza kumwua. Na gari likiegeshwa juani, funika kiti kwa kanga, maana vyuma vyake huunguza.

Katika bajaji hakuna pa kukifunga. Kwa safari ndefu, afadhali gari lenye mikanda.

Mtoto yule alishonwa nyuzi tatu, akapona. Sasa hukaa nyuma, akitazama nyuma. Kadi yake inasema kilo 12, na kiti kinaruhusu 13. Baba anataka kukigeuza. Mama amemwambia asubiri hiyo kilo moja.